CD ya Buena Vista Social Club: nunua kwa ajili ya wimbo wa tano

Wengi wanaoijua CD hii ya wanamuziki wazee wa Kuba wanaijua kwa wimbo wake wa kwanza, Chan Chan. Ushauri wangu: uruke. Si mbaya, ila umepigwa kwenye hoteli za ufukweni mpaka umeisha ladha, na ukianza nao utadhani umenunua muziki wa kunywea juisi ya pasheni. Bonyeza mpaka namba 5, Dos Gardenias, yaani gardenia mbili. Ni dakika tatu hivi. Ukiisha usisimamishe, acha namba 6 na namba 7 zifuate. Hizo tatu ndizo nilizozilipia, na ndizo nitakazozisema kwa kirefu. Nyingine nitazipitia juu juu, ziko 14 kwa jumla.

Mimi ni mpambaji wa harusi hapa Dar es Salaam, mzaliwa wa Tanga. Kazi yangu ni maua, vitambaa na kubishana na kamati. Kihispania sikijui, ila nina binamu yangu aliyesomea udaktari Kuba, akakaa huko mpaka akaanza kuota kwa lugha yao, naye ndiye aliyekaa nami sebuleni akanifafanulia mstari kwa mstari. Muziki sijausomea. Gardenia ninazijua kwa vidole.

Wimbo unasema hivi. Mtu anampa mpenzi wake gardenia mbili. Anamwambia: kwa maua haya nataka kukwambia nakupenda, nakuabudu, wewe ndiwe maisha yangu. Yaangalie kwa makini, maana ndiyo moyo wako na wangu. Anaendelea: maua haya yana joto la busu, yale mabusu niliyokupa mimi, ambayo hutayapata kamwe kwenye joto la penzi jingine. Hapo mwenye masikio anaanza kujiweka sawa kwenye kiti. Hilo penzi jingine limetokea wapi? Nani kalitaja? Si tulikuwa tunapeana maua?

Baada ya hapo maua yanapangiwa kazi. Yatakaa kando yako, yatazungumza nawe kama vile uko nami, mpaka utaamini kabisa kwamba yanakwambia nakupenda. Na mwisho, kwa upole ule ule: lakini jioni moja gardenia za penzi langu zikifa, basi zimeng'amua kwamba umenisaliti, kwamba yuko mwingine.

Wimbo ukaishia hapo. Hakuna ubeti wa kusameheana. Ni sawa na kuletewa mawifi wawili wakae nyumbani kwako, wamevaa vizuri, wananukia, wanacheka nawe mchana kutwa, na usiku wanapeleka ripoti.

Sasa nisikilizeni mimi wa maua. Gardenia ni ua jeupe, zito, lenye harufu nzito kuliko asumini. Asili ya hii ya bustanini ni Asia ya Mashariki, ingawa ndugu zake wa porini wamo hata kwenye mbuga zetu. Kuuotesha mti wake ni kazi, udongo ukiukataa majani yanageuka manjano na unabaki unaomboleza. Ua lenyewe ukilishika kwa kidole chenye jasho, petali linafanya doa la kahawia. Ukilikata ukalitia kwenye maji una siku moja, mbili ukibahatika. Waridi la kutoka Arusha linasafiri na basi usiku kucha ndani ya boksi na linafika linacheka. Gardenia haifiki hata Chalinze. Kwenye shada la bibi harusi siliweki kabla sijamwonya MC asivute ratiba.

Kwa hiyo huyu mpenzi wa kwenye wimbo hana pa kutokea. Awe mwaminifu, asiwe mwaminifu, keshokutwa jioni maua yamekauka na hukumu imeshatoka. Angepewa mawaridi angepata wiki nzima ya kujitetea. Watu wanaandika kwamba huu ni wimbo laini wa mapenzi. Laini ni sauti. Maneno ni ya mtu asiyelala usiku, na anayejua atakachokikuta kabla hajakitafuta.

Aliyeyaandika ni mwanamke, na hilo halinishangazi. Isolina Carrillo alikuwa mpiga piano na mtunzi wa Havana, na wimbo huu ni wa miaka ya 1940, enzi ambazo bolero, yaani nyimbo za taratibu za mapenzi, ndiyo iliyokuwa ikitawala redio kule. Waliousambaza ni wanaume. Antonio Machín, Mkuba aliyehamia Hispania, aliuimba mpaka ukawa kama shati lake. Nimesikiliza toleo lake pia. Tamu, lina orkesta, linachezeka, lakini kwa Machín maua ni maua tu. Ule ubeti wa mwisho unapita kama salamu. Ukitaka kuogopa kidogo unahitaji mzee aliyekwisha kupoteza vitu.

Huyo ndiye Ibrahim Ferrer, anayeuimba kwenye CD hii, na habari yake ni nusu ya thamani ya CD hii. Alikuwa ameimba miaka mingi kwenye bendi, hasa Los Bocucos ya Pacho Alonso, lakini nyimbo za kuchezesha watu. Bolero alizipenda, wakubwa wa bendi wakamwona hana sauti yake. Akaacha muziki mwaka 1991, akawa anang'arisha viatu vya watu apate hela ya kuongezea. Machi 1996 Juan de Marcos González alikuwa anakusanya wazee wa muziki Havana kwa ajili ya kurekodi, wakatafuta sauti ya bolero, akaenda kumchukua Ferrer. Alikuwa na miaka 69. Ndiye huyo kwenye picha ya jalada, anatembea mtaani na kofia yake nyeupe. Mtu aliyeambiwa hawezi bolero ndiye sura ya CD nzima, na bolero ndiyo iliyompeleka pale.

Msikilize anavyoingia. Piano ya Rubén González inatangulia, vidole vya mzee wa miaka 76 ambaye wakati huo hata piano nyumbani hakuwa nayo, na bado noti zinadondoka bila kuharakishwa na mtu. Ferrer haingii kwa nguvu. Anaanza kama anayezungumza na mtu aliyekaa naye meza moja, maneno yanatoka mdomoni nyuma kidogo ya mdundo, halafu anayakimbiza yafike. Kule kwenye mabusu sauti inakwaruza. Kwenye usaliti haongezi chochote. Mwimbaji wetu wa taarabu pale angepandisha, angeinua na mkono, watu wangetoka na noti kumtunza. Yeye anasema kama anasoma barua aliyoipokea zamani. Kila ninapousikia hapo naacha nilichokishika.

Jambo jingine: Carrillo alifariki Februari 1996, akiwa na miaka 88. Wazee hawa waliingia studio mwezi uliofuata, hapo hapo mjini kwake.

Mwaka jana nilikuwa na bwana harusi mmoja aliyeutaka wimbo huu wakati wa kukata keki. Nikamuuliza kama anajua unachosema. "Anti, unasema maua mawili kwa ajili yako. Si mapenzi hayo?" Nikamwambia ni mapenzi mpaka ubeti wa mwisho. Mchumba wake alikuwa kimya anachagua vitambaa vya meza kuu. Akaniuliza huo ubeti wa mwisho unasemaje. Nikamweleza. Akarudisha kitambaa mezani, akamtazama mwenzake. "Basi upigwe huo huo. Na huyu akae karibu na spika."

Ulipigwa. Keki ilikatwa vizuri sana.

Sisi watu wa Tanga, kama walivyo wa Mombasa na Unguja, hatuna haja ya kufundishwa kwamba ua linabeba ujumbe. Kikuba cha asumini na rihani hakivaliwi bure. Taarabu nayo imekuwa ikiwaita watu asumini, waridi na kilua tangu bibi zetu wasichana, na kila mtu ukumbini anajua nani kasemwa. Ndiyo maana naona msikilizaji wa pwani ataufika wimbo huu upesi kuliko Mmarekani anayeusikia akila chakula cha jioni. Fumbo tumelelewa nalo.

Rudi kwenye namba 6. Unaitwa ¿Y tú qué has hecho?, wa Eusebio Delfín, mtunzi wa mwanzoni mwa karne iliyopita. Msichana anachora jina lake kwenye shina la mti, kwa furaha. Mti unaguswa moyo, unamdondoshea ua. Halafu anayeimba anajitaja: mimi ndiye huo mti, nimeumia na nimeguswa, wewe ndiye uliyenikata gome. Jina lako nimelitunza. Na wewe, ua langu umelifanya nini? Basi, swali limebaki juu. Anayeimba ni Compay Segundo, miaka 88 siku hiyo, sauti nene ya mvuta sigara. Nimeusikiliza huu mara nyingi nikifunga maboksi baada ya sherehe, nikiokota maua chini ya meza yaliyokanyagwa na wageni ambao saa mbili kabla walikuwa wanayapiga picha.

Namba 7, Veinte Años, miaka ishirini. Muziki ni wa María Teresa Vera, maneno ni ya Guillermina Aramburu, wanawake tena. Hapa ua halimo kabisa, maua yameshatupwa zamani. Mwanamke anauliza kuna faida gani mimi kukupenda ikiwa wewe hunipendi tena. Penzi lililopita halipaswi kukumbukwa. Nilikuwa ndoto ya maisha yako siku moja iliyo mbali; leo mimi ni mambo ya kale, sijui kuyazoea. Laiti tunavyovitaka tungeweza kuvipata, ungenipenda kama ulivyonipenda miaka ishirini iliyopita. Omara Portuondo anauimba wima, bila kujiegemeza kwenye huzuni, na Compay anamfuata kwa sauti ya pili chini yake. Kwenye harusi sijawahi kuombwa huu, namshukuru Mungu.

Sasa ziweke pamoja. Namba 5 mtu anatoa maua na onyo. Namba 6 mtu anauliza ua lake liko wapi. Namba 7 hakuna wa kumuuliza. Aliyepanga mfuatano huu, kwa makusudi au kwa bahati, ametengeneza ndoa nzima kwa nyimbo tatu, zilizotungwa na watu tofauti, nyakati tofauti. Ukisikiliza kwenye simu umeweka programu ikuchanganyie nyimbo, hili hulipati. Kwa sababu hiyo peke yake nasema tafuta CD au sahani, na kama huna njia ila simu, zima ule mchanganyo.

Kuhusu bidhaa yenyewe. Yangu ni CD iliyotumika, dada yangu aliipata Uingereza kwenye duka la vitu vya mkono wa pili, bei ya kikombe cha chai. Ina kijitabu kinene chenye maneno ya nyimbo kwa Kihispania na tafsiri ya Kiingereza, maelezo ya kila wimbo na picha za wazee. Herufi ni ndogo za kutisha, mimi nilitumia tochi ya simu na miwani ya mama. Tafsiri ya Kiingereza ni kavu. Inakupa habari, haikupi kitisho. Bila binamu yangu ningebaki nikidhani ni kadi ya siku ya wapendanao. Kuna toleo la mwaka 2021 la kutimiza miaka 25 tangu kurekodi, limesafishwa sauti na kuongezewa nyimbo zilizobaki studio wakati ule. Zuri kwa mkusanyaji. Kwa anayetaka nyimbo zangu tatu, CD ya zamani inatosha.

Sauti ya kurekodi ni kitu cha kusifiwa. Walifanya kazi studio za EGREM, katikati ya Havana, jengo la zamani, na unausikia ukumbi wenyewe ukipumua nyuma ya waimbaji. Besi ya Cachaíto López iko pale unapoweza kuigusa. Lakini gitaa la Ry Cooder, Mmarekani aliyezalisha kazi hii, wakati mwingine linateleza juu ya wenyewe kama mgeni anayetaka kuonekana kwenye kila picha. Kwenye namba 1 namvumilia. Kwingine natamani angeshuka jukwaani. Anastahili shukrani zangu kwa kuwarekodi wazee, nami nina haki ya kusema hivyo hata hivyo, hela ni yangu.

Kuna pia rekodi ya onyesho la Carnegie Hall, New York, la Julai 1998, iliyotoka mwaka 2008. Dos Gardenias imo. Watu wanashangilia, Ferrer anafurahi, unamsikia kabisa. Anayefurahi hivyo hamwonyi mtu. Chukua ya studio.

Na ukishampenda Ferrer, mtafute kwenye CD yake mwenyewe ya 1999, wimbo unaoitwa Silencio, wa Rafael Hernández wa Puerto Rico, akiimba na Omara. Maua tena! Bustanini yamelala mayungiyungi na mawaridi, na mwimbaji ana huzuni, anaomba kimya: asiyaamshe, maana yakijua anavyoteseka yatalia pia, na yakimwona analia yatakufa. Ni gardenia zile zile zimegeuzwa upande. Huku maua yanakufa kwa makosa ya mwingine, kule yatakufa kwa machozi ya mwenyewe. Katika filamu ya Wim Wenders kuhusu wazee hawa, ya mwaka huo huo, Omara anatokwa na machozi jukwaani na Ferrer anampangusa. Mimi sijali kama kulikuwa na kamera, machozi yale niliyaamini.

Wenye umri wa wazazi wangu hawatashangaa muziki huu kuwa wa nyumbani. Sahani za Kikuba za mfululizo wa GV ziliuzwa Afrika tangu miaka ya 1930, Wakongo wakazichukua wakatengeneza rumba yao, na sisi tukawa na bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah pale Morogoro, jina linajieleza. Bolero baba yangu alikuwa anazijua kama nyimbo za kuchezea na mama, si nyimbo za kusikilizia. Na CD hii yenyewe ilikusudiwa iwe na Waafrika ndani: wapigaji wawili wa Mali, Djelimady Tounkara na Bassekou Kouyaté, walitarajiwa Havana siku zile wacheze na Wakuba. Hawakufika. Walikuja kukutana baadaye, kwenye kazi ya AfroCubism iliyotoka 2010. Napenda ilivyotokea, lakini mara nyingine namba 5 ikipigwa nasikia mahali ambapo lile gitaa la Djelimady lingekaa, pale Ferrer anapopumzika kabla ya kuingia tena.

Zilizobaki, upesi. Candela na El Cuarto de Tula ni za kuinua watu vitini, ya pili inahusu chumba cha Tula kilichoshika moto kwa sababu alilala bila kuzima mshumaa, na wimbo una maana ya pili ambayo sitaiandika hapa. Amor de Loca Juventud ni tamu. Murmullo na Orgullecida nazisahau kila mara zikiisha. Namba 4 na namba 13 hazina maneno, ni piano ya Rubén zaidi, za kuchezwa taratibu, na hizo ndizo nazitumia kazini kuliko zote.

Nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa herufi ndogo na gitaa la mgeni.

Kwa kamati na madijei: wageni wakiwa wanakula, wekeni namba 13, ni dakika karibu tano, hakuna atakayelalamika. Namba 4 pia inafaa kwa maharusi kuingia, inatembea kwa heshima na hailazimishi mtu kukatika. Ila dijei asiende kuchukua pilau akaiacha CD ijiendeshe. Baada ya 4 inakuja 5, na siku hizi kuna mabibi harusi wanaojua maana yake.